Wilmington: mji wa bandari uliojifunza kuigiza miji ya watu

Mwaka 1985 ilitoka filamu ya Year of the Dragon, kisa cha polisi anayepambana na magenge ya mtaa wa Wachina wa New York. Ndani yake unaonekana mtaa wa Mott: maduka yamebanana, mabango ya Kichina yamejazana juu, watu wanapishana kwa mabega. Ila mtaa ule haukuwa New York. Ulijengwa kwenye uwanja wa studio katika mji wa Wilmington, jimbo la North Carolina, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka New York yenyewe. Ukizunguka nyuma ya maduka yale hukuti chumba wala ngazi wala jiko la mtu. Unakuta mbao zilizoegemezwa kushikilia ukuta usianguke.

Naanzia nyuma ya ukuta kwa sababu huko ndiko iliko habari yenyewe. Tukizungumzia mji wa filamu huwa tunataja majina ya waigizaji na filamu zilizopigwa hapo. Hayo ni matokeo. Swali gumu zaidi ni hili: mji wa bandari ambao sensa ya 1980 haikuukuta hata na watu 50,000 ulipataje watu wanaoweza kusimamisha mtaa mzima wa New York, wakaupaka rangi hadi ukaonekana umezeeka kwa miaka mia, kisha wakaubomoa na Jumatatu wakaanza kujenga kingine? Na watu hao, wakishapatikana, kitu gani kinawafanya wabaki?

Ilianza na jumba la kuchomwa moto. Mwaka 1983 Dino De Laurentiis, mtayarishaji wa Kiitaliano aliyekuwa amehamishia shughuli zake Marekani, alikuwa anatengeneza Firestarter, kutokana na riwaya ya Stephen King kuhusu mtoto wa kike anayewasha moto kwa fikra tu. Hadithi ilihitaji jumba jeupe la kizamani lenye nguzo mbele. Jumba la namna hiyo liitwalo Orton, lililokuwa makao ya shamba la mpunga lililolimwa na watumwa kando ya mto Cape Fear, lilikuwa limetokea kwenye jalada la jarida moja. Watu wa De Laurentiis wakaliona, wakafunga safari. Jumba halisi halikuguswa na moto. Ilijengwa sura yake ya mbele tu, na hiyo ndiyo iliyoteketea mbele ya kamera.

Filamu nyingi huishia hapo: wanakuja, wanapiga picha, wanalipa hoteli, wanaondoka. De Laurentiis alifanya jambo lisilo la kawaida. Mwaka 1984 alijenga studio kamili jirani na uwanja wa ndege wa Wilmington. Si kwamba alikuwa ameupenda sana mji, alikuwa amepiga hesabu. North Carolina ni jimbo ambalo sheria hairuhusu mwajiri na chama cha wafanyakazi kukubaliana kwamba kila anayeajiriwa lazima awe mwanachama, kwa hiyo gharama za vibarua na mafundi zilikuwa chini kuliko California au New York. Baridi yake si kali. Na ndani ya nusu saa kwa gari unapata ufukwe wa bahari, kinamasi, mto mpana, mtaa wa nyumba za karne ya 19, barabara zenye mialoni mikubwa, na vitongoji vya kawaida kabisa vinavyoweza kupita kwa kitongoji chochote cha Marekani. Mwongozaji wa filamu haoni fahari kwenye hilo la mwisho, lakini mhasibu wake analiona.

Pale mwanzoni mafundi wakuu waliletwa kutoka nje, wakaajiriwa pia maseremala, wapaka rangi na mafundi umeme wa hapo hapo. Na hapa ndipo panapohitaji maelezo, maana seremala wa nyumba na seremala wa filamu hawafanyi kazi moja. Wa nyumba anajenga kitu kikae miaka hamsini. Wa filamu anajenga kitu kikae wiki tatu, kiwe chepesi, kiweze kutenganishwa ukuta mmoja ili kamera ipite, na kiseme uongo vizuri. Mpaka rangi wa nyumba anafuta doa, na wa filamu analipwa kuliweka: kutu kwenye bomba ambalo ni la plastiki, moshi wa miaka juu ya jiko lililonunuliwa jana, alama za mikono pembeni mwa swichi ya taa. Kuna fundi ambaye kazi yake ni kufunga vyuma vya kushikilia kamera na taa, na wengine ambao kazi yao ni nyaya na jenereta tu. Yupo anayetembea na daftari kuhakikisha mwigizaji aliyeshika kikombe kwa mkono wa kushoto asubuhi hakishiki kwa mkono wa kulia baada ya chakula cha mchana. Shughuli hizi hazifundishwi kwa semina ya siku mbili. Mtu anazijua kwa kufanya filamu ya kwanza vibaya, ya pili afadhali, ya tano bila kuambiwa.

Na kutozijua kunaua. Tarehe 31 Machi 1993 Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alifariki Wilmington baada ya kupigwa risasi wakati wa kurekodi The Crow. Bastola ilikuwa na risasi za baruti tupu, zile za kutoa mlio. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imetumika na risasi bandia kwa ajili ya picha ya karibu, na ncha ya mojawapo ilibaki imekwama ndani ya mtutu bila mtu kugundua. Mlio ulipolia, ncha ile ikatoka kama risasi halisi. Kosa lile lilipita mikononi mwa watu kadhaa, na yeyote kati yao angeweza kulizuia kwa kumulika mtutu kwa tochi.

Turudi kwenye studio. Kampuni ya De Laurentiis ilifilisika mwaka 1988. Studio ikaangukia kwa Carolco, kampuni nyingine ya filamu, nayo Carolco ikafilisika mwaka 1995. Mwaka 1996 ikachukuliwa na EUE/Screen Gems. Wamiliki wawili wakubwa wameanguka ndani ya miaka kama saba, na kwa mji mwingine huo ungekuwa mwisho: mageti yamefungwa, majani yameota. Wilmington haikufa kwa sababu jambo moja ambalo halikuwa kwenye vitabu vya wafilisi lilibaki mjini, nalo ni mafundi. Walikuwa wameshanunua nyumba, watoto wako shule, na mtayarishaji yeyote aliyepiga simu kutoka Los Angeles aliambiwa kwamba akija na waigizaji wake na mwongozaji, waliobaki atawakuta huku. Asiyelazimika kulipia tiketi, hoteli na posho za mafundi mia moja anaanza kazi akiwa ameshaokoa fedha nyingi.

Kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Wanadhani filamu kubwa ndiyo inayojenga mji. Mwaka 2012 Iron Man 3 ilikuja Wilmington na kila mtu aliitangaza. Lakini filamu, hata kubwa namna gani, ni miezi michache, kisha mafundi wanarudi kusubiri simu. Kinachomlisha fundi ni tamthilia ya televisheni. Tamthilia ya vituo vikubwa enzi zile ilikuwa na vipindi kama 22 kwa msimu, na kuvirekodi kunachukua sehemu kubwa ya mwaka. Dawson's Creek ilirushwa kuanzia 1998 hadi 2003. Mwaka ule ule ikaanza One Tree Hill, ikaenda hadi 2012. Hizo mbili peke yake ni karibu miaka kumi na mitano ya mshahara unaotabirika. Ndiyo maana fundi wa Wilmington aliweza kwenda benki kuomba mkopo wa nyumba akaeleweka. Mashabiki mpaka leo wanasafiri kwenda kupiga picha kwenye daraja na kando ya mto wakikumbuka nani alimbusu nani, na wenye hoteli hawalalamiki, lakini hilo ni la ziada. (Dawson's Creek, kwa taarifa, inadai kutokea Massachusetts. Mji huu umezoea kuitwa majina ya wengine.)

Sasa tuje kwenye fedha za serikali, ambako ndiko kwenye utata.

Kuanzia miaka ya 1990 Kanada ilianza kuwavuta watayarishaji wa Marekani kwa dola yake iliyokuwa nafuu na kwa marejesho ya kodi. Majimbo ya Marekani yakaona yananyang'anywa. Louisiana na New Mexico zikaweka vivutio vyao mwaka 2002, North Carolina ikafuata 2005, na Georgia ikaja na mpango mnono mwaka 2008. Tangu hapo swali la kwanza la mtayarishaji likabadilika. Zamani aliuliza: mna nini cha kupiga picha? Siku hizi anauliza: mnarudisha asilimia ngapi?

Utaratibu wenyewe ni huu. Tuseme kampuni imetumia dola milioni 10 ndani ya jimbo: mishahara, mbao, hoteli, magari ya kukodi, chakula. Inakusanya stakabadhi, zinakaguliwa. Kama kiwango ni asilimia 25, inastahili dola milioni 2.5. Kwa jina zinaitwa nafuu ya kodi, na msikilizaji anaweza kudhani kampuni inasamehewa kodi inayodaiwa. Lakini kampuni iliyoanzishwa kwa ajili ya filamu moja haidaiwi kodi kubwa namna hiyo, pengine inadaiwa laki moja tu. North Carolina ilikuwa inaifuta hiyo laki, halafu milioni 2.4 zilizobaki inazilipa taslimu. Georgia inatumia njia nyingine: kampuni inaruhusiwa kuuza haki yake ya nafuu kwa mlipakodi mwingine yeyote mwenye deni la kodi, kwa bei pungufu kidogo. Tajiri asiyewahi kuona kamera anapunguziwa kodi, na kampuni ya filamu inaondoka na pesa mkononi. Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja, yaani hazina ya umma inagharamia sehemu ya filamu.

North Carolina ilikuwa na kiwango cha asilimia 25 tangu 2011, bila kikomo cha jumla kwa mwaka, isipokuwa kila filamu haikuruhusiwa kupata zaidi ya dola milioni 20. Wilmington ikachangamka kuliko wakati wowote. Ndipo zilipokuja Iron Man 3, The Conjuring, We're the Millers, pamoja na tamthilia za Under the Dome na Sleepy Hollow. Sheria ilikuwa na tarehe ya mwisho, na bunge la jimbo, ambalo wengi wake waliona jimbo linawagawia Hollywood fedha bure, likaiacha ikafa mwishoni mwa 2014.

Badala yake likaweka ruzuku. Asilimia iliyotangazwa ilibaki 25, na kwa haraka unaweza kujiuliza kelele zilikuwa za nini. Tofauti ni kwamba nafuu ya kodi ilikuwa haki: ukitimiza masharti, unalipwa. Ruzuku ni chungu kimoja chenye kiasi maalumu, kilichoanza na dola milioni 10 tu kwa nusu ya kwanza ya 2015, na waombaji wote wanachota humo mpaka kiishe. Filamu ilitakiwa pia kutumia angalau dola milioni 5, wakati zamani ilitosha dola 250,000. Watayarishaji wadogo wa hapo hapo wakabaki nje ya mlango kwa muda, mpaka kiwango kilipokuja kushushwa.

Jiweke kwenye kiti cha mhasibu wa studio huko Los Angeles. Unapanga tamthilia ya misimu mitatu. Georgia inakuambia asilimia 20, na 10 nyingine ukiweka nembo yao ya tunda la pichi mwishoni, bila kikomo. North Carolina inakuambia 25, kama zitakuwa hazijaisha. Hapo huhitaji kufikiri. Sleepy Hollow ikahamia Georgia mwaka 2015. Mafundi nao wakaanza kufunga virago, wengine familia nzima, wengine wakawa wanaendesha gari saa sita au saba kwenda Atlanta na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Walichokijenga Wilmington kwa miaka thelathini kikasafiri kwenye magari yao wenyewe, pamoja na misumeno.

Halafu jimbo likajiongezea jeraha. Machi 2016 lilipitisha sheria iliyojulikana kama HB2, iliyohusu matumizi ya vyoo vya umma na watu waliobadili jinsia, na iliyozuia miji kuweka kanuni zake za kupinga ubaguzi. Makampuni ya burudani yakaikwepa North Carolina. Sehemu kubwa ilifutwa mwaka uliofuata, lakini zuio juu ya miji likabaki hadi Desemba 2020. Matokeo yake ni kituko ambacho watu wa Wilmington hawajakisahau: Outer Banks, tamthilia ya Netflix iliyoanza kuonyeshwa 2020, ambayo jina lake ni la visiwa vya North Carolina na vijana wake wanadaiwa kuishi North Carolina, ilirekodiwa Charleston, South Carolina. Mji uliozoea kuigiza miji ya wengine ukakaa pembeni ukitazama mwingine akiuigiza ufukwe wake.

Je, bunge lilikosea kuua nafuu ile? Mimi sikubaliani na jibu jepesi la upande wowote. Wachumi waliochunguza mipango hii katika majimbo mbalimbali wengi wao wamefikia hesabu inayofanana: kila dola ambayo serikali inaitoa, inayorudi kama kodi ni senti chache tu. Sehemu ya fedha huenda kwa mwigizaji nyota ambaye atazitumia California. Hilo ni kweli na watetezi wa filamu hulipita haraka. Lakini hesabu ile inapima kodi iliyorudi kwenye hazina, haipimi mshahara wa fundi umeme, pango la ghala, wala muuza mbao ambaye filamu moja inamnunulia shehena nzima kwa siku moja, tena bila kuvutana bei. Mwenye hoteli anaona faida, mkaguzi wa hesabu wa jimbo anaona hasara, na wote wawili wanasoma kitabu kimoja.

Hasara halisi ya Wilmington, kwa maoni yangu, haikuwa asilimia. Ilikuwa kubadilishabadilisha. Nafuu ya asilimia 15 inayojulikana itadumu miaka kumi inamruhusu mtu kufungua karakana, kununua lori la taa, kuchukua vijana wa kufundisha. Nafuu ya 25 inayoweza kufa Desemba inamfundisha kukodi kila kitu na kuacha sanduku limefungwa mlangoni.

Afrika tunao mji wa kulinganisha nao, Ouarzazate, kusini mwa Morocco, kwenye lango la jangwa. Huko mandhari ndiyo iliyotangulia: Lawrence of Arabia ya 1962 ilipita hapo, na ngome za udongo za Aït Benhaddou zimekuwa Misri, Roma na Yerusalemu kwa zamu. Mwaka 1983, wakati De Laurentiis akiwa anatafuta jumba la kuchoma, mwenye hoteli aitwaye Mohamed Belghmi alianzisha Atlas Studios nje kidogo ya mji. Hesabu yake ilikuwa ya mwenye hoteli: watu wa filamu wanakuja, wanahitaji pa kulala, basi na wafanyie kazi hapa hapa. Gladiator ilijengewa ulingo wake Aït Benhaddou. Lakini mandhari haimzuii mtayarishaji kwenda Jordan au Hispania akipata bei nzuri zaidi, na Morocco nayo imeingia kwenye mbio za marejesho, ikaanza na asilimia 20 na baadaye 30. Wakazi wengi wa Ouarzazate wameonja filamu kwa kuvaa joho la askari wa Kirumi na kusimama juani kutwa kwa ujira wa siku. Umbali kati ya ujira huo na mshahara wa fundi mwenye taaluma ndio umbali ambao Wilmington iliuvuka, ikachukua muda.

Wilmington ya sasa haijafa wala haijarudi ilipokuwa. Fungu la ruzuku lilikuja kutulia kwenye dola milioni 31 kwa mwaka kwa jimbo zima, wakati Georgia inatoa nafuu za zaidi ya bilioni moja. Halloween Kills na Scream ya 2022 zilirekodiwa hapo. Mwaka 2023 studio ya jirani na uwanja wa ndege ikabadili mikono tena, ikachukuliwa na Cinespace, na mwaka huo huo migomo ya waandishi na waigizaji ikasimamisha kazi kwa miezi, Wilmington na Atlanta sawasawa. Chuo kikuu cha mji kina idara ya filamu, chuo cha ufundi kinafundisha kazi za nyuma ya kamera, na tamasha la Cucalorus lililoanza 1994 linaendelea kila mwaka.

Ukitaka kujua kama kuna kazi mjini wiki hii, usisome magazeti. Tazama nguzo za taa barabarani alfajiri. Filamu inapoanza hubandikwa vibao vidogo vya njano vyenye mshale na herufi mbili tatu za siri, jina la uongo la filamu ili mashabiki wasijazane. Malori na madereva wa jenereta hufuata mshale. Kibao kikikaa wiki tatu, ni filamu. Kikikaa mpaka kikapauka kwa jua, maseremala hujua wamepata tamthilia.